Kiti cha Nyuma Yangu

Wazo la kwenda kuitazama ndege lilikuwa la binti wa mdogo wangu, na kama mawazo yake mengi, lilikuja likiwa limeshaamuliwa. Ni mwalimu wa chekechea. Amezoea kuwapanga watu wafupi wawili wawili, kuwashikisha mikono na kuwapeleka mahali, na hakuona kwa nini mama yake mzazi na mama yake mkubwa wawe tofauti.

"Mvae viatu vya chini," alituambia asubuhi. "Kuna ngazi. Na msianze."

"Tusianze nini?" mama yake akamuuliza.

"Hicho hicho mnachotaka kuanza."

Hatukuwa tunataka kuanza kitu. Hilo ndilo lililokuwa tatizo letu, na yule mtoto, pamoja na akili zake zote, alikuwa hajalielewa. Watu wanaogombana wana kitu baina yao. Mimi na mdogo wangu tulikuwa tumekaa wiki tatu katika nyumba moja tukipishana kwenye korido kama wapangaji, hujambo, sijambo, chai iko mezani, na hakuna aliyeinua sauti. Wenye chuki ya kweli wangekuwa wameshavunja angalau kikombe. Neno kali pekee nililolipata wiki zote hizo lilikuwa asubuhi hiyo hiyo, aliponisogezea sukari nikasema ahsante.

"Kumbe neno hilo unalijua," akasema, akaenda kuosha sufuria.

Alikuwa na tabia hiyo miaka yote, hata kwenye simu. Utamuuliza hali ya mtoto, atajibu vizuri, kisha kabla ya kukata atakuchomekea kitu kuhusu watu wasiojua kushukuru. Nilijua anasemea nini. Alimuuguza mama yetu peke yake, mimi nikiwa mji mwingine, na hakuna shukrani inayotosha kwa jambo kama lile, kwa hiyo nilikuwa nimeacha kuitafuta.

Kesho yake jioni nilikuwa naondoka. Nafua mashuka ya hospitali katika nchi ya watu. Ni kazi ya kusimama, na kusimama kumeniachia mguu wa kushoto ambao damu yake inaganda. Daktari aliniruhusu safari hii kwa masharti, soksi za kubana na sindano za tumboni, kisha akanitazama juu ya miwani yake akasema nenda ukawaage watu wako, maana safari nyingine ndefu ya ndege mimi sitaisaini. Mdogo wangu naye ana sukari, na moyo wake hautabiriki, hawezi kunifuata. Kwa hiyo kila mtu pale nyumbani alijua, mpaka paka, kwamba tukiachana kesho kama tulivyo basi ndivyo tutakavyozikana. Mmoja atapigiwa simu, atasema haya, ataendelea na kazi.

Nililijua hilo na halikunisumbua. Nasema kweli. Mguu wangu ukifa ganzi unaweza kuuchoma pini nisijue, na mimi nilikuwa hivyo mwili mzima tangu mama alipofariki. Nilikuwa nimeshazoea kutembea nayo. Watu huko kazini walidhani mimi ni mtulivu.

Tuligombania hereni. Naisema mapema kwa sababu watu husubiri kusikia shamba au nyumba, halafu wakisikia hereni wananiangalia kwa huruma. Zilikuwa hereni mbili ndogo za dhahabu zenye umbo la jani. Mama alizivaa tangu kabla hatujazaliwa, na moja ilikuwa na alama za meno. Meno ya mdogo wangu. Alipokuwa anaota meno, ukimbeba anageuza kichwa na kuuma chochote kilicho karibu, na siku moja kilichokuwa karibu kilikuwa sikio la mama. Ndiyo sababu nyumbani alibatizwa Panya, na mpaka leo, mwanamke mzima mwenye nywele nyeupe, jina hilo halijamtoka.

Mama hakuacha neno kuhusu hereni. Mimi nikasema ni zangu, kwa kuwa ni wa kwanza. Panya akasema ni zake, kwa kuwa yeye ndiye aliyemwogesha mama na kumlisha kwa kijiko. Tungeweza kugawana moja moja. Watoto wa chekechea wangegawana. Badala yake nikamwambia, mbele ya shangazi zetu wote, "Ulikuwa unamuuguza, au ulikuwa unayasubiri masikio yake?"

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Kidole hata kikitoka damu kinafungwa. Panya alizifunga zile hereni kwenye leso, akaondoka nazo, na siku chache baadaye nikapanda ndege kwenda kuanza kazi yangu ya mashuka. Hakuja kuniaga. Alikuwa zamu.

Na zamu yenyewe ilikuwa pale pale uwanja wa ndege. Panya alikuwa mpishi katika jiko la ndege, lile jengo refu nyuma ya maghala ambako chakula cha abiria kinapikwa, kinapangwa kwenye trei, trei zinaingizwa kwenye matoroli ya bati na matoroli yanapelekwa na gari mpaka mlangoni mwa ndege. Shangazi walisafiri nusu siku kuja kuniaga. Mdogo wangu alikuwa nyuma ya ukuta, anakunja vitambaa vya mezani.

Makumbusho ya ndege yako pembeni ya uwanja wa zamani, ule uliofungwa walipojenga mpya. Unaingia kwenye ukumbi baridi wenye injini iliyokatwa katikati ili uone utumbo wake, na sanamu isiyo na kichwa iliyovalishwa sare ya rubani. Panya alisimama mbele ya sanamu ile.

"Huyu namkumbuka," akasema. "Hata alipokuwa na kichwa alikuwa hakitumii."

Binti yake alicheka kwa sauti kubwa kuliko mzaha wenyewe, akanitazama kuona kama nami nacheka. Nilitabasamu. Nilijua wapi panapotakiwa tabasamu, kama mtu anayefuata wenzake kwenye wimbo asioujua.

Yule mtoto alikuwa na mpango wake, na ulikuwa unaonekana kama kamba ya ndani ya sketi. Ile ndege iliyonipeleka ilikuwa imestaafu, imewekwa hapa, na yeye aliamini tukipanda humo pamoja kitu fulani kitatokea. Kuna methali inayosema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Mpwa wangu yeye alikuwa amekuja na kapu kabla ya mvua.

Mtembezaji wetu, mwanamume mpole mwenye fulana ya makumbusho na funguo nyingi kiunoni, alitutoa kwa mlango wa nyuma. Ndege ilikuwa imesimama juani kwenye zege, peke yake. Magurudumu yake yalikuwa yamekaa kwenye magogo, midomo ya injini imezibwa kwa mifuniko myekundu, na rangi ya tumboni ilikuwa imebanduka vipande vipande. Chini ya bawa moja mtu alikuwa ameanika tambara la deki.

"Bi Mkubwa," Panya akasema, taratibu.

"Mama, uliifahamu?" mtembezaji akauliza.

"Jikoni tulimwita hivyo. Kampuni ilikuwa naye mmoja tu wa ukubwa huu, na akichelewa yeye, sote tunalala na njaa." Alikuwa ameweka mkono juu ya macho kuzuia jua. "Nimemlisha miaka yote ile, sijawahi kuingia mdomoni mwake. Sisi wa jikoni mwisho wetu ulikuwa mlango wa gari. Wanaoingia ni wapakiaji."

"Basi leo ingia, mama," mtembezaji akasema, na akamshika mkono ngazini kama anayempokea mgeni rasmi.

Mimi nilipanda peke yangu, mguu mmoja mmoja. Ndani palikuwa na joto na harufu ya zulia lililolowa likakauka. Viti vilikuwa vile vile, bluu iliyopauka mpaka ikawa karibu na kijivu, na kwenye mikono ya viti kulikuwa bado na vile visahani vya majivu ya sigara. Mtembezaji alianza maelezo yake. Alikuwa ameyahifadhi yote, urefu, uzito, mwinuko, na alipokatizwa ilibidi arudi nyuma kidogo ili apate pa kuanzia. Nilisimama pale mlangoni nikasubiri nisikie kitu. Hii ndiyo iliyonitenganisha na watu wangu, nikajiambia, sikia kitu basi. Nilisikia joto. Nilisikia soksi zinanibana.

Panya alikuwa ameishia jikoni, pale kwenye kichumba cha mbele wanapopashia chakula. Alikuwa anapapasa yale mashimo ya matoroli kama mtu aliyekuta vyombo vyake kwenye kabati la jirani.

"Toroli linaingia hivi," alimwambia binti yake. "Na breki yake hapa. Ikisahauliwa, ndege ikipaa, toroli linashuka lenyewe kusalimia abiria."

"Twende kwenye kiti cha mama mkubwa," binti yake akasema. "Nataka picha. Mama mkubwa, unakumbuka ulikaa wapi?"

"Ishirini na moja, dirishani, kulia," Panya akajibu kabla sijafungua mdomo.

Nilimgeukia. Yeye alikuwa anaangalia breki ya toroli. Tulikwenda pamoja kukata ile tiketi, hilo ni kweli, kabla mama hajafariki na kabla ya yale maneno. Lakini mimi mwenyewe nililala juu ya kiti kile na nilikuwa nimesahau kilikuwa kulia au kushoto.

"Haya, tuhesabu," mwalimu wetu akasema, akashika njia katikati ya viti, akigusa kila mgongo wa kiti kwa kiganja na kutaja namba kwa sauti ile ya darasani. Tulimfuata kwa mstari, mimi, kisha mtembezaji, kisha Panya. "Tisa. Kumi. Kumi na moja. Kumi na mbili. Kumi na nne. Kumi na..."

"Rudia," Panya akasema.

"Nini?"

"Ulichosema. Rudia."

"Kumi na mbili," binti akarudia, sasa akisoma vibao vidogo juu ya viti. "Kumi na nne. Eh! Kumi na tatu imekwenda wapi?"

"Haipo," mtembezaji akasema, na alifurahi, kwa sababu hili lilikuwa kwenye maelezo yake. "Kuna abiria wanaoiogopa namba hiyo, hawakubali kuikalia. Kampuni nyingi zinairuka. Kutoka kumi na mbili unaingia kumi na nne."

"Na enzi hizo?" Panya akauliza. "Enzi Bi Mkubwa anaruka?"

"Tangu kiwandani, mama. Vibao hivi ni vile vile."

Nilidhani ni sukari, maana uso wa Panya ulikuwa umebadilika na alikuwa ameshika viti pande zote mbili. Binti yake naye alidhani hivyo, akaanza kutafuta peremende kwenye mkoba. Lakini Panya alituambia tuendelee, tuendelee tu, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa.

Nilikaa kwenye kiti changu. Kilikuwa chembamba kuliko nilivyokumbuka, au mimi ndiye niliyeongezeka. Dirisha lilikuwa na mikwaruzo, na nje yake ungeweza kuona bawa na lile tambara la deki. Nilichokuwa nakumbuka kutoka safari ile kilikuwa kidogo sana. Ubaridi wa kioo kwenye paji la uso. Mwanamke wa nyuma yangu ambaye alikohoa njia nzima. Ladha ya chai ya karatasi. Machozi sikutoa. Nilipanga kulia ndege ikishapaa, mahali ambapo hakuna shangazi, na ilipopaa nikakuta hakuna kitu cha kutoa, na tangu hapo ikawa hivyo.

Binti alinipiga picha mbili. "Mama, kaa naye," akasema. "Kaa hapo pembeni yake."

Panya hakukaa pembeni yangu. Alipita, akaingia safu ya nyuma, akasogea mpaka dirishani, akaketi moja kwa moja nyuma yangu. Nilisikia mgongo wa kiti changu ukitikisika alipokishika.

"Mpeleke baba huyu akakuonyeshe chumba cha rubani," alimwambia binti yake.

"Lakini picha..."

"Nenda."

Mwalimu wa chekechea anaijua sauti hiyo, kwa sababu ndipo alipojifunzia. Alimchukua mtembezaji wakaenda mbele, na nikasikia maelezo yakianza upya, urefu, uzito, mwinuko.

Tulikaa, mimi mbele, yeye nyuma, kama abiria wawili wanaosubiri waruhusiwe kushuka.

"Siku ile ulikula?" Panya akauliza.

"Siku gani?"

"Dada, usinichoshe. Siku uliyoondoka. Walikuletea chakula. Ulikula?"

"Nadhani. Kidogo."

"Kitambaa ulikifunua? Kile cha mezani, nilichokuwa nakikunja pembe tatu."

"Kilikuwa na kijiko, uma na kisu."

"Na kingine?"

"Kingine nini, Panya? Chumvi."

Nilisikia akivuta pumzi. Kisha akaongea bila kusimama, na kwa kuwa sikuwa nauona uso wake, niliyasikia maneno vizuri kuliko ambavyo ningeyasikia mezani.

"Siku ile nilikuwa kwenye kupanga trei. Wapakiaji walikuwa wametueleza, toroli linatolewa juu kushuka chini, na wahudumu wanaanza mbele kwenda nyuma. Rafu moja ni watu watatu wa upande mmoja, na wa dirishani anapewa kwanza. Siku nyingine zote hatuhesabu, tunajaza tu. Siku ile nilihesabu. Nilichukua matoroli ya upande wa kulia nikahesabu rafu kwa kidole, moja, mbili, mpaka ishirini na moja. Nikafunua kitambaa cha trei ya dirishani, nikaweka, nikafunika."

"Ukaweka nini?"

"Hereni."

Nje mtu alikuja akageuza lile tambara upande wa pili.

"Moja," Panya akasema. "Ile nzima. Yenye meno nikabaki nayo. Nilisema hiyo hata nikikupa utasema nimekuharibia."

Nilikuwa naangalia mgongo wa kiti cha mbele yangu, mfuko wake uliolegea.

"Halafu nikasubiri. Nikasema akitua atapiga simu, atasema Panya, nimeiona. Sikutaka maneno mengi. Ulipiga baada ya wiki mbili, ukaniuliza kama bomba la jikoni limetengenezwa."

Nililikumbuka bomba.

"Mbona hukuniuliza?" nikasema. "Miaka yote hii. Swali moja tu."

"Zawadi ukiidai ahsante, umeshaiuza. Nilidhani umeiona ukaona haitoshi. Kwamba unataka zote mbili. Nikasema basi, mtu akitukana mkono unaompa, mwache. Na kila ukipiga simu ulikuwa unaongea kama karani wa benki, nikasema si unaona? Ndivyo alivyo."

"Ndivyo nilivyokuwa," nikasema. "Lakini si kwa sababu hiyo."

"Kumbe hakuna kumi na tatu!" Sauti yake ilipanda, na huko mbele maelezo ya mtembezaji yakakatika, yakarudi nyuma kidogo, yakaendelea. "Rafu yangu ya ishirini na moja ndiyo safu hii niliyokaa. Ishirini na mbili. Nimempa mtu wa huku. Dada, miaka ishirini na mitatu nimekununia kwa hesabu yangu mwenyewe. Mtoto wangu amekua anakuona mbaya, kwa ajili ya mtu aliyeogopa namba. Nisamehe. Kosa langu. Nisamehe."

Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yetu Panya kuomba msamaha kwanza. Nilikaa nao mikononi kama mtu aliyepewa mtoto wa watu ashike. Ningeweza kuupokea. Ningeweza kusema yameisha, mdogo wangu, damu nzito kuliko maji, tungekumbatiana, binti angepiga picha na kapu lake lingejaa. Yote yangekuwa kosa la namba. Na nilijipekua ndani nikitafuta furaha, au hata uchungu, nikakuta pale pale pakavu.

Ndipo alipokohoa. Alikuwa anajizuia kulia, na kilio kikamkwama kooni, akakohoa, mara mbili, nyuma ya kichwa changu, upande wa dirishani.

Nikamsikia yule mwanamke.

Simaanishi kwamba nilimfikiria. Nilimsikia, sauti yake nene ya mafua, na mkono wake ukapita pembeni mwa kiti changu ukanigusa bega. Samahani, dada. Nimeokota hereni. Si yako imedondoka?

Mkono wangu ulipanda wenyewe kwenye sikio, na wa pili kwenye sikio la pili, kama ambavyo mwanamke yeyote angefanya. Nilikuwa nimevaa zangu, za kawaida, za fedha. Zote mbili zilikuwapo. Paji langu la uso lilikuwa kwenye kioo. Si yangu, nikasema. Akaniambia, ni nzuri kweli, mwenyewe atakuwa anaitafuta. Nikamsikia anamuuliza jirani yake, kisha watu wa ng'ambo ya pili, nani kapoteza hereni, hereni ya jani. Alisema jani. Nilisikia neno hilo kwa masikio yangu na halikuniingia. Kisha akaanza tena kukohoa, na wahudumu wakaja kukusanya trei.

Panya alikuwa bado anasema nisamehe, polepole, kwa mdundo, kama anayebembeleza mtoto.

Ningeweza kunyamaza. Kesho jioni ningekuwa hewani na soksi zangu, na yeye angebaki na kosa dogo la hesabu ambalo mtu anaweza kulicheka uzeeni. Lakini ni yeye aliyekuwa ananiomba mimi msamaha, na nilikuwa nimeshamnyima mengi.

"Panya," nikasema. "Ilinifikia."

Akanyamaza.

"Mwanamke aliyekaa hapo ulipo aliikuta. Alinigusa bega akaniuliza kama ni yangu. Nikashika masikio, nikakuta zangu ninazo, nikamwambia si yangu."

"Alikuonyesha mkononi? Uliiona?"

"Sikuiona. Sikugeuka."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Ningegeuza shingo tu ningeijua. Sikugeuka. Sikuwa na hamu ya kuona uso wa mtu yeyote. Kwa hiyo hesabu yako ilikuwa sawa, mdogo wangu. Kukosea kiti kimoja si kitu. Ilibaki mimi kugeuka."

Nilidhani nimeharibu, na nikaona kwamba kuharibu huku kunaniuma, mahali fulani chini ya mbavu, na maumivu yale yalinishtua kwa sababu sikuwa nayategemea. Huko mbele mpwa wangu alikuwa anacheka kitu na mtembezaji. Kwenye bawa, kivuli cha mlingoti wa bendera kilikuwa kimefika ukingoni.

Kisha nikasikia zipu ya mkoba. Nikasikia karatasi, au leso, ikifunuliwa. Mkono wa Panya, mkavu, wenye harufu ya sabuni ya vyombo, ukapita kati ya kiti changu na dirisha, ukanigusa bega.

"Samahani, dada," akasema. Alikuwa analia waziwazi sasa. "Nimeokota hereni. Ina alama za meno. Si yako hii?"

Nikashika masikio yangu. Zilikuwapo, zote mbili.

Nikageuka.

"Ni yangu," nikasema.